Amemwita Egbuka KONDA mbele ya watu. Huyu "mchambuzi" wetu wa Columbus nani alimpa cheti??

Mzee wa Yadi Mia (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu. Hapa Ohio ni saa saba usiku, nimetoka kwenye nyama choma ya Jumamosi, viatu sijavua, naandika hivyo hivyo. Mods naomba uzi huu msiufute wala msiuhamishie kwenye vichekesho. Sicheki. Huyu Egbuka ni risiva, yaani mdaka pasi, wa chuo cha Ohio State, mpira wa Kimarekani.

Jina sitaji. Hapa ndani kila mtu anamjua. Yule wa kofia ya kijivu, asiyoivua hata msibani, anayeanza kila sentensi na "kiufundi". Mnamjua. Wengine mnamdai.

Sasa. Drafti ya 2025, pale timu za ligi ya NFL zinapochagua vijana wa chuo kwa zamu, ni Alhamisi hii, Green Bay, kwa hiyo mwenyeji wetu kaweka kwenye TV mikanda ya vijana wa chuo wanaotoka mwaka huu. Watu wanakula, wanabishana kistaarabu. Ikafika mechi ya Rose Bowl ya Januari, Ohio State na Oregon. Emeka Egbuka kashamwacha beki wake nyuma, pasi inashuka, yadi 42, tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) ambayo hata mtoto wa mwenyeji anaijua. Mpira bado uko hewani, HEWANI wakuu, jamaa kanyakua rimoti, kasimamisha picha. Kamtazama dogo pale kwenye kioo, mikono imenyooka. Kamega chapati. Katafuna taratibu. Kameza. Ndipo akatoa hukumu:

"Kiufundi, huyu ni konda. Dereva ni Jeremiah Smith, risiva mwenzake. Huyu kazi yake kuning'inia mlangoni."

Sebule nzima ikaanguka. Shemeji yangu, ambaye kazi ya ghala nilimtafutia mimi kwa mikono yangu, kacheka mpaka soda ikamtokea puani. Mama mkwe, ambaye mpaka leo anauliza kipa ni yupi, kauliza, "Konda wa wapi?" Akaelezwa. Akacheka na yeye.

KONDA! Mtu mwenye pasi 205 alizodaka, hakuna risiva wa Ohio State aliyewahi kufika hapo, na pale ni Ohio State, wadaka pasi wanatoka kila mwaka. Nikajaribu kwa adabu. Nikasema kaka, msimu uliopita huyu kadaka 81, yadi 1,011, tachidauni 10, na ubingwa wa taifa juu. Akanigonga begani kwa mkono ule ule wa mafuta ya mbuzi: "Ndugu yangu, wewe mpira huu umeanza kuuangalia lini? Dogo kasi hana."

Kasi kaipima na nini? SAA YA SIMU. Anafungulia video ya YouTube, intaneti inakwama, Egbuka kaganda katikati ya uwanja na mguu mmoja juu, yeye saa inahesabu tu. Kwa kipimo chake dogo anamaliza zile yadi 40 za kupimia kasi baada ya swala ya isha.

Tukamuuliza, haya, wewe ungemchukua nani? Kajibu bila kupepesa: "Jeremiah Smith." MWAKA HUU! Mtoto katoka kucheza mwaka wake wa kwanza chuoni! Ligi inataka ipite miaka 3 tangu umalize sekondari, kwa hiyo Smith tunamzungumzia 2027. Mchambuzi mzima anachagua mtu ambaye hachaguliki, na hapo hakucheka mtu. Vicheko vyote walishanimalizia mimi.

Risiva hatazamwi hivyo jamani. Unamtazama anavyotoka kwenye mstari beki akiwa kamkaba kifuani. Unamtazama anavyokata ruti, yaani njia aliyopangiwa kukimbia, anapunguza mwendo au hapunguzi. Mabeki wakicheza kanda, kila mmoja na eneo lake, anajua pa kusimama au anakimbia tu ilimradi. Mikono. Na hili watu hawalitazami: mpira ukiwa kwa mwenzake, anazuia mtu au anajifanya kafunga kamba za kiatu? Egbuka anazuia. Ndiyo, muda mwingi anacheza sloti, ndani, si pembeni kabisa, sasa hiyo ni dhambi? Lakini mimi sibishani. Unabishanaje na mtu aliyesimamisha picha mpira ukiwa hewani? Kama hafai, si umwache kwanza adake ndipo uongee! Aliiogopa ile tachidauni. Na rimoti hakurudisha. Mpaka naondoka Egbuka yuko vile vile, mikono mbele, mpira haujafika, watu wanampitia kwenda kuchota kachumbari.

Konda. Mimi naitwa mgeni wa mpira na mtu wa saa ya simu. KONDA!!!

---

Siti ya Mbele

Nimefika mapema. Karanga ninazo.

---

Bengali Mwenye Huzuni

Pole mkuu, ila wewe unalilia jina tu. Sisi Cincinnati mwaka 2017 tulimchukua John Ross namba 9, kwa sababu kule Indianapolis kwenye majaribio alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati ule. Watu wazima walikumbatiana. Msimu wake wa kwanza unajua alidaka pasi ngapi? Sifuri. Rekodi yenyewe Xavier Worthy akaja kuivunja 2024 kwa 4.21, hata hilo la kujifariji tukanyang'anywa. Huyo wa saa ya simu mlete kwangu apime na haya.

---

Kiufundi Zaidi

Povu jingi, hoja kidogo. Mleta mada, hiyo 205 unayoibeba kichwani aliivunja ya nani? Ya K.J. Hill, alikuwa na 201. Hill alichukuliwa raundi ya 7 mwaka 2020. Ya SABA. Ohio State ukisimama vizuri unadaka, maana mabeki wawili wameenda kumchunga mwingine. Jamaa kakosea rimoti tu, kwingine yuko sawa.

---

Mzee wa Yadi Mia

Wewe ndiye yeye. Andika sentensi moja bila "kiufundi" tuone.

---

Kiufundi Zaidi

Kiufundi siwezi.

---

Mkenya wa Theluji

Wueh, Columbus mko na shida. Hii story ya konda sisi Minneapolis tunaijua vizuri sana. Chuo cha LSU 2019, Ja'Marr Chase ndiye alikuwa staa, yadi 1,780. Kando yake kulikuwa na kijana kwa sloti, Justin Jefferson, pasi 111, yadi 1,540. Wakasema huyo ni wa ndani tu, mabeki hawamgusi, hatawezana na wanaume. Akaachwa hadi namba 22 kwa drafti ya 2020, Vikings wetu wakamchukua. Mwaka 2022 ameongoza ligi yote na yadi 1,809. Na halafu, ni nani hushika pesa kwa matatu? Si dereva, buda.

---

Siti ya Mbele

Konda ndiye mwenye pesa 😂😂 mleta mada hiyo hoja ulikuwa nayo hapo hapo mdomoni, badala yake ukaenda kuhesabu pasi.

---

Tai wa Philly

Mimi nilipita tu, lakini mmetaja namba 22 kwa hiyo sasa siendi kokote. Namba 21 ilikuwa YETU. Jefferson kakaa pale, yuko wazi, Eagles wetu wa Philadelphia wakasema hapana, tupeni risiva mwingine, Jalen Reagor. Kazini kwangu yuko mtu wa Minnesota, kila Aprili ananipitia mezani, anaweka vidole viwili, halafu kimoja, anaondoka. Haongei. Na mwaka 2022 huyo huyo Reagor tukawapa hao hao Vikings! Wakawa na wote wawili! Halafu wewe hapa unalia konda konda. Mimi gari zima liliondoka nikiwa nimeshika nauli.

---

Mnyonge wa Oakland

Mwaka 2009. Namba 7, Raiders wetu. Darrius Heyward-Bey, kwa sababu ya mbio. Michael Crabtree bado yupo, akaenda namba 10, tena kwa majirani zetu wa San Francisco, ng'ambo ya daraja. Sina la kuongeza, nilikuwa nataka tu na mimi nihesabiwe.

---

Mtoto wa Msimbazi

Samahanini wakubwa, nimeingia kwenye uzi huu kimakosa. Hii ndiyo raga? Mbona mnalia hivi kwa mpira wa kushika na mikono? Huku refa katunyima penati ya wazi na nchi imelala salama.

---

Tai wa Philly

Dogo, uzi wa penati uko jukwaa la chini. Huku kila mtu na msiba wake.

---

Mama Wawili

Mimi nilikuwepo na mleta mada hajawaambia yote. Alipoitwa mgeni wa mpira alisimama akapiga meza, sinia la mbuzi likaenda chini. Ile nyama nilikuwa naisubiri tangu saa kumi jioni. Nilikuwa nimeshachagua na kipande, ubavu, una mafuta kidogo pembeni. Konda mimi hainihusu, nataka kujua ubavu wangu analipa nani.

---

Bengali Mwenye Huzuni

Kumbe! 😂😂😂 Mzee wa Yadi Mia hayo hukutuandikia.

Ila na wa kofia naye nina lake. Agosti 2021 alitukalisha chini akatutangazia kwamba Ja'Marr Chase, yule wa LSU tuliyemchukua sisi Cincinnati mwaka ule, hajui kudaka, eti kadondosha pasi kwenye mechi za maandalizi, na mwenyewe Chase kasema mpira wa ligi hauna ile mistari myeupe ya mpira wa chuo. Wa kofia akasema basi, mwisho wake, kijana anahitaji mpira wenye alama za barabara. Msimu ukaisha na yadi 1,455. Mwaka jana 2024 kadaka 127, yadi 1,708, tachidauni 17, kote katika ligi hakuna aliyemfikia hata kwa moja kati ya hizo tatu. Nikamfuata. Unajua alinijibu nini? "Kiufundi nilikuwa namtia moyo."

---

Mzee wa Yadi Mia

MNAONA? Turudi kwenye mada. Mpira ulikuwa HEWANI.

---

Mama Wawili

Hata sinia lilikuwa hewani kwa muda.

---

Baba Mwenyeji

Kwa kuwa mnaongelea nyumba yangu nami niseme. Moja, intaneti yangu haina tatizo, tatizo ni kwamba kila aliyeingia aliomba nywila kabla ya kusalimia. Mbili, rimoti mpaka sasa haijaonekana na watoto wanataka katuni, Egbuka bado yuko ukutani na mikono yake. Tatu, ni nani aliyeondoka na boksi langu la barafu, la bluu, lenye mfuniko uliopasuka pembeni?

---

Shemeji Mtu

Soda haikunitoka puani. Ilikuwa juisi ya ukwaju. Na kazi ya ghala niliomba mwenyewe.

---

Kiufundi Zaidi

Mkuu hapo kwenye ghala jibu, watu tunasubiri.

---

Mkenya wa Theluji

Na hii ya mchango mnafanya aje huko? Huku kwetu kuna mmoja anatoa dola kumi anakuja na watu sita na kontena za kubebea nyumbani. Halafu ndiye anachagua chaneli.

---

Mama Wawili

Usiseme kuna mmoja, huku tunao watatu, na mmoja ni mleta mada. Watu sita hawajafika, lakini mama mkwe anakula kwa wawili.

---

Mzee wa Yadi Mia

Mama mkwe muacheni.

---

Mnyonge wa Oakland

Mbuzi wa huko mnanunua wapi? Huku mkazi wa kawaida hawezi, bei imepanda mpaka tumehamia mapaja ya kuku.

---

Baba Mwenyeji

Kuna shamba nje ya mji, unachagua wanakuchinjia. Nitakutumia namba faragha. Boksi la barafu jamani.

---

Mzee wa Yadi Mia

NAUFUFUA UZI WANGU. Usiku huu, Alhamisi, raundi ya KWANZA, namba 19, Tampa Bay, EMEKA EGBUKA!!! Raundi ya kwanza! Aliye karibu na wa kofia ampigie, mimi kaniziba. Konda gani anachukuliwa namba 19? Semeni sasa!

---

Kiufundi Zaidi

Hongera mkuu. Tampa wana risiva wakongwe, Mike Evans na Chris Godwin. Kapata madereva wawili.

---

Siti ya Mbele

😂😂😂 karanga zimeisha, naenda dukani.

---

Tai wa Philly

Namba 19, zikabaki mbili tu ifike 21. Nilizima TV mwenyewe.

---

Mama Wawili

Hongera kwa kijana. Baba Mwenyeji, boksi lako liko kwa Shemeji Mtu, kwenye kibaraza. Wameweka viatu vya watoto.

---

Shemeji Mtu

Nilidhani limetupwa.

---

Baba Mwenyeji

Nalifuata kesho saa nne asubuhi. Na viatu viosheni, mlikuwa na samaki mle.