Asilimia 40 ya majimbo inapotelea wapi?

Mama Makala, Katuba
Wakubwa, mnisaidie. Nauza makala, yaani makaa ya kupikia, soko la Kenya hapa Lubumbashi. Jana mvua imenilia magunia mawili: mkokoteni ulizama kwenye shimo la barabarani, makala yote majini. Mtoto wangu anayesoma sheria ananiambia Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena ikatwe hukuhuku kabla haijapanda Kinshasa. Mbona shimo lile lina umri wa kitinda mimba wangu?

Fundi wa Kamalondo
Mama, mtoto kasoma vizuri. Ila pesa hupanda yote kwanza, kisha kinarudi kidogo, na kwa kuchelewa. Mrabaha wa madini, ile ada kampuni za migodi hulipa kwa madini yao, ndio tofauti. Sheria ya madini ya 2018 inaugawa: serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, eneo lenye mgodi 15, mfuko wa vizazi vijavyo 10. Kila mmoja analipwa moja kwa moja. Kwa hiyo gavana naye aulizwe, si Kinshasa tu.

Mtu wa Kalemie
Nyinyi mna shaba, mnalia! Jimbo la Katanga lilipogawanywa 2015, sisi wa jimbo la Tanganyika tulibaki na ziwa. Kila mtu akijikatia kwake, sisi tunakula nini? Tunadai ule mfuko wa kusawazisha majimbo, kifungu cha 181 cha Katiba, asilimia 10 ya mapato ya taifa.

Mama Makala, Katuba
Kumbe hata gavana ana fungu lake! Hilo mtoto hakuniambia. Makala nimeyaanika juu ya bati. Yakikauka nitayauza kwa mafungu, bei ya hasara.