Ekari 60 za malisho Kongwa: nifuge ng'ombe wangapi ili nipate faida?

Mfugaji wa Kongwa
Ndugu wafugaji, salaam. Nina ekari 60 za malisho ya asili wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Ninafuga ng'ombe 35 wa asili, majike 16 wakiwamo, na eneo lote lina uzio wa minyaa. Masika wananawiri, lakini ifikapo Septemba mbavu zinahesabika, nami nalazimika kuuza wawili watatu kwa bei ya kutupa ili ninunue pumba na mashudu ya kuwaokoa waliobaki. Nimeshauriwa kuligawa shamba vipande vinne na kuwahamisha kwa zamu. Je, hilo pekee litaleta faida, au tatizo ni idadi yenyewe?

Mpima Nyasi
Ndugu yangu, kabla ya kugawa shamba, pima nyasi. Mwishoni mwa masika tengeneza fremu ya mbao yenye mita moja kila upande, iangushe mahali kumi tofauti bila kuchagua, penye nyasi na penye vipara vilevile, kata kwa mundu kila kilichomo, anika hadi kikauke kabisa, kisha weka kwenye mizani. Wastani wa gramu 200 kwa fremu ni sawa na tani 2 kwa hekta. Ekari 60 ni takriban hekta 24, kwa hiyo utakuwa na tani 48, na nusu yake sharti ibaki shambani ili mashina yapate nguvu ya kuchipua na mvua isisombe udongo.

Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku malisho makavu yapatayo asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani zaidi kidogo ya kilo 6, ambazo kwa mwaka hufika tani 2.3. Tani 24 zinatosha ng'ombe kumi wa uzito huo. Hata fremu ikikupa gramu 300, hutavuka 15. Zamu zina faida masika, kwa sababu kipande kilicholiwa kwa siku chache kikapumzishwa mwezi au zaidi huchipua tena. Wakati wa kiangazi kipande hakichipui, na unachogawa ni akiba iliyopo tu.

Mfugaji wa Shinyanga
Hesabu hiyo ni sahihi, ila inachukulia kwamba ng'ombe wote wakae mwaka mzima. Fikiria kununua madume machanga 30 ya kilo 200 mvua zikishashika na nyasi zimepanda, kisha kuyauza yote baada ya siku 120. Yakiongezeka nusu kilo kwa siku, kila moja litakuwa na kilo 60 zaidi, na kundi zima litakuwa limekula takriban tani 21, nawe Septemba hudaiwi pumba na mtu. Toa kwanza gharama za chanjo, kuogesha dhidi ya kupe, chumvi na mchungaji, maana ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ikiingia kwenye kundi la kununua mnadani, faida yote inaweza kuishia kwenye dawa.

Mfugaji wa Kongwa
Nimewaelewa, na nakiri idadi hiyo imenishtua. Hata hivyo, majike siwezi kuyaacha yote, kwani maziwa ndiyo yanayolisha nyumba. Je, mifumo yote miwili inaweza kukaa shamba moja?

Mfugaji wa Shinyanga
Inawezekana. Bakiza majike matano bora, yanayozaa bila kuruka miaka, na mengine uyauze Mei au Juni yakiwa bado na mwili. Tenga ekari 20 kama ngitili: sisi Wasukuma huzifunga mvua zinapoanza na kuzifungua kiangazi kikishakolea, nyasi zikiwa zimesimama zimekauka. Madume yapangie ekari 40 zilizobaki, na kwa eneo hilo yasizidi 20. Kwa kuwa nyasi kavu za ngitili zina protini kidogo, mashudu machache yapewe majike yenye mimba na yanayonyonyesha.

Mpima Nyasi
Nyongeza moja: angalia maji yalipo kabla ya kuchora mipaka. Ng'ombe mmoja huhitaji lita 30 hadi 40 kwa siku wakati wa joto, na kipande kilicho mbali na lambo kitabaki na nyasi huku cha jirani na maji kikigeuka vumbi. Usikimbilie kununua waya; mchungaji makini na alama za miti zinatosha kwa msimu wa kwanza.