Naomba ushauri: Disneyland Paris tena, au safari hii tujaribu Efteling?

Habari zenu, ndugu zangu. Familia yetu huwa inakwenda Disneyland Paris, na tunaipenda kwa dhati. Safari hii mke wangu amependekeza Efteling, bustani ya burudani kule Kaatsheuvel, Uholanzi. Hatuna nafasi ya kwenda kote kuwili.

Kinachonivuta Efteling ni ule msitu wa hadithi uliofunguliwa mwaka 1952, miaka 40 kabla ya Disneyland Paris. Binti yetu mdogo ni mtoto wa hadithi hasa. Anaweza kusimama mbele ya nyumba ya mchawi akasahau kula. Kaka yake ni kijana wa kasi, na picha za Baron 1898, treni ya michezo ya huko inayodondoka mita 37.5 kuelekea chini ya ardhi, zimemnyima usingizi.

Tatizo ni urefu. Mdogo ana sentimita 112. Baron inataka 132 na Python, treni nyingine ya Efteling, 120, wakati treni ya Big Thunder Mountain ya Paris inataka 102 tu, na ndiyo anayoililia kila mwaka. Nimelinganisha ramani za bustani zote mbili na kuwauliza watoto wenyewe, wamegawanyika. Kusema kweli, nahofia zaidi huyu mdogo asije akajiona ameachwa.

Kwa mliofika kote kuwili: mtoto wa kimo hicho anapata ya kutosha Efteling kwa siku mbili nzima? Na je, hadithi zinaeleweka kwa asiyejua Kiholanzi?

Natanguliza shukrani.