Naomba mwongozo: leseni ya vileo kwa mgahawa wa samaki, Igombe

SatoWaIgombe

Mwangaluka wakuu, na shikamooni mama zangu humu.

Nina mgahawa wa samaki huku Igombe, Manispaa ya Ilemela. Sato wa kukaanga, sangara wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya, ugali wa muhogo au wa sembe upendavyo. Wikiendi tunaongeza kuku wa kienyeji. Leseni ya biashara ninayo, TIN ninayo, mashine ya risiti ya EFD ipo, wahudumu wamepima afya.

Wateja wa Jumamosi na Jumapili, hasa wanaotoka mjini na familia zao, wanataka samaki na bia. Kwa sasa wanamtuma kijana wa bodaboda grosari, anarudi na mfuko wa chupa, wananywea mezani kwangu. Chupa tupu zinabaki kwangu, kelele zinabaki kwangu, hela inaishia grosari.

Nataka niuze mwenyewe kihalali, ila sitaki pageuke baa. Mama yangu mzazi ndiye mpishi, watoto wa wateja wanacheza mchangani hapo mbele, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mzee wa kanisa ambaye tunaheshimiana sana. Naomba kujua leseni inayonifaa ni ipi na naanzia wapi. Halafu wenye uzoefu mnieleze mnaisimamiaje pombe ikishaingia ndani. Kuna wateja wanakuja na kuondoka kwa mtumbwi, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Buhongwa_Juu

Mkuu unajichosha. Leseni ya biashara si unayo? Nunua friji, weka kreti mbili tatu, anza. Afisa biashara akipita mtaongea.

MamaMeza_Kirumba

Buhongwa mdogo wangu, usimpoteze mwenzako. Leseni ya biashara haikupi ruhusa ya kuuza hata chupa moja ya bia. Vileo vina sheria yake, Sheria ya Vileo Namba 28 ya mwaka 1968, na leseni yake inatolewa peke yake na halmashauri. Ukikutwa bila hiyo unafungiwa mgahawa wote, na samaki wako wanaozea kwenye friji.

Igombe, karibu mwanangu. Mimi nina mgahawa Kirumba, nauza chakula na vinywaji, na jambo hili nalijua kwa mikono yangu.

Kwanza aina ya leseni. Sheria imetenganisha baa, grosari, hoteli, klabu na mgahawa. Wewe omba ya mgahawa. Hiyo inakuruhusu kumuuzia kinywaji mtu aliyekuja kula, anywe pamoja na chakula chake. Watu wengi wanaikwepa wakidhani inawabana, wanakimbilia ya baa ili wauze tu bila maswali. Mimi naona huko kubana ndiko kunakokulinda. Akija mtu saa 3 usiku ameshalewa kwingine, anataka bia bila chakula, hubishani naye kwa jina lako. Unamwonyesha karatasi ukutani: bwana, hapa leseni ni ya mgahawa, jiko limefungwa, hatuuzi. Hajatukanwa, na wewe hujavunja sheria.

Pa kuanzia ni mtaani kwako. Maombi siku hizi yanaingizwa mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na ada unalipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi. Lakini kabla ya mfumo kuna watu. Mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, kamati ya maendeleo ya kata, bwana afya, polisi wa wilaya. Wote hao wanaulizwa kama eneo lako linafaa. Ndiyo maana nakwambia huyo mzee wa kanisa nenda kwake kabla hujagusa kompyuta. Mwambie unataka kufanya nini, utafunga saa ngapi, muziki utakuwaje, na mlango wa wateja utatazama wapi. Akikuambia spika isielekee upande wake, ielekeze ziwani na iwe ya chini. Jirani akilalamika kwenye kamati ya kata akiwa hajawahi kusikia lolote kutoka kwako, huyo ana haki. Na kelele nazo zina kanuni zake tangu 2015, na NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Bwana afya ataangalia vyoo, vya kike na vya kiume mbali mbali, maji ya kunawa, jiko, na hao wahudumu kama vipimo vyao havijapita miezi sita. Zimamoto wapitie. Ukipiga muziki, kuna mirabaha ya wasanii ya kulipa. Leseni ya vileo nayo huenda kwa vipindi vya miezi sita, mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, kwa hiyo andika tarehe hizo kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu.

Swali moja kwako: meza zako za mchangani ziko mita ngapi kutoka kwenye maji? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usije ukaomba leseni ya vileo ukajikuta umewaita watu wa mazingira waje kupima banda.

Na hao wanaokuja na mfuko wa grosari, acha kuwaruhusu kuanzia wikiendi hii. Leseni ikiwa bado haijatoka, eneo ni lako na atakayehojiwa ni wewe, hata kama hukupata senti.

SatoWaIgombe

Mama asante sana, Mungu akuzidishie. Banda la ndani liko mbali na maji, ila kibanda cha makuti cha nje kiko kama mita 40. Nitalifanyia kazi.

Naomba uniongezee kidogo kwenye kusimamia. Wahudumu wangu ni mabinti wawili wa hapa hapa na kijana mmoja. Rafiki yangu mwenye baa ananishauri niwalipe mshahara mdogo na kamisheni kwa kila kreti, anasema ndivyo wanavyochangamka.

MamaMeza_Kirumba

Hapo kwenye kamisheni ndipo mahali pa kuamua kama una mgahawa au una baa, mwanangu. Naomba usome hili polepole.

Binti akilipwa kwa chupa, kila chupa anayokataa kuuza ni nauli yake, ni unga wa nyumbani kwao. Sheria inakataza kumuuzia mtu aliyelewa, na wewe utamwambia hivyo asubuhi wakati mnafagia. Lakini jioni, mteja amelegea kichwa mezani na bado anainua kidole, binti atakumbuka maneno yako au atakumbuka mtoto wake? Unamweka mahali ambapo wema wake unamkata mfukoni. Mimi nawalipa mshahara unaoeleweka. Kama nataka kuwaongezea, nawaongezea kwa mauzo yote ya siku, samaki, soda, maji na chai vikiwemo, wote sawa na mpishi. Hapo binti hana sababu ya kusukuma chupa. Atasukuma sahani ya pili ya dagaa, na mimi nafurahi.

Na akishakataa, umuunge mkono mbele ya mteja. Usije ukatoka kaunta ukasema, basi mpe moja ya mwisho. Ukifanya hivyo mara moja tu, hakuna mhudumu wako atakayethubutu tena kukataa. Kwangu kuna utaratibu: mhudumu akiona mtu amezidi, haendi kumwambia yeye. Anakuja kwangu au kwa msimamizi, tunakwenda sisi na chupa ya maji ya baridi na bili. Maneno ni ya heshima: "Kaka, kwa leo tumefika, chakula kipo, maji haya hapa, tukuitie usafiri?" Mabinti hawatukanwi, na mteja hajaaibishwa mbele ya wenzake. Mzee mwenye umri wa baba yangu namwamkia kwanza, halafu nakaa kitini karibu naye, simsimamii kichwani. Mara nyingi anakubali.

Vipimo. Vinywaji vikali usimimine kwa macho, nunua kikombe cha toti cha mililita 30. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Toti moja ya mililita 30 ya kinywaji cha asilimia 35, kama Konyagi, ina gramu 8 na kidogo. Maana yake bia moja kubwa inazidi toti mbili, ingawa watu wanaiona bia ni kinywaji cha kuzimia kiu. Ini la mtu linaondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Aliyekunywa bia mbili kubwa na samaki wake atahitaji saa 4 au zaidi mwili usafike. Kahawa haiharakishi, supu ya pilipili haiharakishi, kuoga ziwani ndiyo kabisa usiruhusu. Chakula kinasaidia kikitangulia, kwa sababu pombe inaingia kwenye damu taratibu. Kwa hiyo kwangu sahani ya kachumbari na muhogo wa kukaanga inakuja mezani pamoja na chupa ya kwanza, hata kama sato bado yuko kwenye mafuta.

Watoto: mwisho ni miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhusu muuzaji moja kwa moja. Hata baba akisema mpe mwanangu aonje, mhudumu wako asimimine. Na mtoto asitumwe kaunta kuchukua bia ya mzazi. Vijana wa chuo wanakuja wamependeza, huwezi kujua umri kwa sura, omba kitambulisho bila woga.

Mzigo nunua kwa wakala anayekupa risiti. Kagua stempu za kodi za kielektroniki kwenye kila chupa, TRA wana programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, unapiga picha unaona. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku tangu Machi 2017, akija mtu kukuletea kwa mlango wa nyuma mfukuze. Na gongo usiiguse, hata kama ni ya shangazi yako.

Nahodha_Ziwani

Igombe kaka, nimeona umetaja mitumbwi, mama kamaliza mengi ya nchi kavu, mimi naongezea la majini kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Jua likizama upepo wa ziwa unabadilika, na mvua za huku zinatokea ghafla kwa radi. Abiria aliyelewa anasimama wakati hatakiwi kusimama, anaegemea upande mmoja, anataka kupiga picha. Mtumbwi mwembamba hauhitaji zaidi ya hapo kupinduka. Nahodha aliyelewa ni habari nyingine kabisa, huyo hatoki.

Fanya hivi. Kikundi kikishuka ufukweni, mhudumu aulize nani nahodha, na huyo apewe soda na sahani yake, bia asiuziwe hata akilipiwa na bosi wake. Mkifahamiana na manahodha wa hapo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wenyewe watakushukuru, maana tunalazimishwa kunywa na wateja na kukataa ni shida, ila mgahawa ukikataa kwa niaba yetu tunapona. Pili, maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla hawajaagiza chochote. Wakiwa watu 9 na maboya 5, waambie mapema watafute usafiri wa barabara wa kurudia. Saa 12 jioni wakiwa wamechangamka hawatakusikia.

Sisi tuliokulia huku tunakumbuka MV Bukoba ilivyozama, Mei 1996. Ile haikuwa pombe, meli ilizidiwa. Lakini ziwa ni lile lile, na ukubwa wa chombo haukusaidia.

Buhongwa_Juu

Mama Meza nimekuelewa. Mimi nina kijiwe cha chipsi na mishkaki, nilikuwa nauza bia za kopo kimya kimya. Hivi kwa kijiwe kama changu naweza kupata hiyo ya mgahawa?

MamaMeza_Kirumba

Mdogo wangu, kama huna mahali pa watu kukaa wakala, huna choo, wala maji ya kunawa, bwana afya hatasaini. Acha kuuza kwanza, uza soda na juisi. Nenda ofisi ya kata yako ukaulize eneo lako limepangwa kwa matumizi gani, maana sehemu nyingine ni makazi matupu na hakuna atakayekupitishia. Ukijibiwa vizuri, njoo hapa tukusaidie hatua inayofuata.

SatoWaIgombe

Nimerudi. Jana jioni nilikwenda kwa mzee. Tulikaa kibarazani kwake, nikamweleza yote. Hakukubali papo hapo. Aliuliza kuhusu Jumapili asubuhi, nikamwambia vinywaji havitafunguliwa asubuhi, tutaanza baada ya chakula cha mchana na kwa saa za leseni. Akauliza pia nani atazuia watu wasijisaidie ukutani kwake. Nikamwahidi taa upande ule, na kibao kinachoelekeza choo. Akasema atakuwepo kikao cha kata kikija, atazungumza mwenyewe.

Kibanda cha makuti tunakivunja wiki ijayo, meza zinarudi nyuma karibu na mwembe. Kuna jambo moja bado. Kaunta ya vinywaji niiweke wapi, nje karibu na meza au ndani?

MamaMeza_Kirumba

Umefanya vema kwenda mwenyewe. Na hilo la taa usilicheleweshe, liweke kabla ya kikao ili akiongea awe ameiona inawaka.

Kaunta weka ndani, ubavuni mwa jiko, kwenye dirisha linalotazama meza na ufukwe kwa pamoja. Bia zitoke kwa mhudumu tu, mteja asijihudumie kwenye friji, vinginevyo utashindwa kujua nani amekunywa ngapi. Kila meza iwe na karatasi yake, mhudumu anaandika chupa na saa iliyotoka. Ukiona tatu ndani ya saa moja na samaki hajaguswa, nenda ukasalimie hiyo meza. Na mama yako akae upande wa jiko wenye kivuli, moshi wa mafuta usimrudie.