MJADALA: Kijana wa Mtwara aanze kudunduliza nyumba akiwa na miaka 18, au azungushe hela kwanza?

Mtoa hoja, Mtwara Mjini

Wadau, habari za msimu. Kila korosho zikianza kulipwa, ubishi wa vijiweni ni huuhuu. Wazee wanamwambia kijana anunue kiwanja na apige tofali mapema, asije akazeekea kwenye nyumba ya kupanga. Vijana wanajibu kwamba nyumba inaua mtaji. Mimi nipo na wazee, ila sikubaliani na namna wanavyoshauri.

Wanasema "weka akiba ujenge", kama vile shilingi zikilala kwenye kibubu zitaamka nyumba. Anayeweka 2,000 kila siku anafikisha 730,000 kwa mwaka, milioni 7.3 kwa miaka kumi. Hapo hajaugua wala hajachangia unyago wa mpwa wake. Nani humu amemaliza nyumba ya vyumba vitatu, na choo chake na madirisha yake, kwa hela hiyo? Na saruji haikusubiri umalize kuweka ndipo ipande bei.

Huku akiba inawekwa kwa vipande. Leo kiwanja, mwakani msingi, msimu mwingine boma, yaani kuta bila paa, halafu boma linangoja bati hata miaka mitano. Pita Chuno, pita Mangamba, uone maboma yalivyoota majani. Watu wanayacheka. Mimi naona mtu asiyedaiwa na benki.

Maana mkopo wa nyumba upo. Sheria yake ilipitishwa 2008, na kampuni ya TMRC ikaundwa 2010 ili mabenki yapate fedha za muda mrefu za kukopesha. Chukua milioni 20 kwa riba ya asilimia 17 na miaka 15. Rejesho ni kama 308,000 kwa mwezi, na hadi unamaliza umelipa milioni 55. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000, na theluthi ya mshahara haiguswi. Ukijumlisha makato ya pensheni na bima, mkopo huo haupiti. Mwenye deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu hata asijisumbue kupiga hesabu.

Sharti langu ni kiwanja kilichopimwa, hata kama kipo mbali. Tuliokuwepo 2012 na 2013 tunakumbuka gesi ilivyopandisha bei za ardhi hapa. Watu walinunua vipande vya mashamba kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Bomba likafika Dar es Salaam 2015, joto la bei likashuka, na wenye karatasi wakabaki na kesi za mipaka. Ndugu zangu wa Lindi mnaongojea mradi wa gesi ya kimiminika (LNG) wa Likong'o, mnanisikia?

Naomba kuwasilisha.

Mkulima, Tandahimba

Wewe unaongea kimshahara. Huku hela inaingia kwa msimu, kupitia AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, tena kwa mafungu. Kijana mwenye ardhi ya ukoo asikimbilie kiwanja cha mjini, apande mikorosho. Kwa nafasi ya mita 12 ekari inabeba miche 28 hivi. Akipanda ekari mbili ana miaka 18, akifika 25 shamba limeshaanza kumlipa, na kila mwaka lenyewe linaongeza tofali.

Lakini asikope bati dukani kwa ahadi ya msimu. Mwaka 2018 minada ilikwama, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri malipo muda mrefu huku mwenye duka anapiga hodi. Wengine wanauza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya kutupa, ili wapaue. Huyo amepata bati kwa bei ya shamba.

Mwalimu, Masasi

Napinga. Mimi nilipangiwa kazi Nanyumbu, nikahamishiwa Masasi, na barua nyingine ikija naondoka. Boma nitamwachia nani? Kodi yangu ya chumba haifiki hata robo ya hilo rejesho la 308,000, kwa hiyo kupanga si hasara kama mnavyotisha watu. Akiba yangu ipo kwenye vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Nikiuguliwa nauza vipande, hela naipata ndani ya siku chache. Wewe ukiuguliwa utauza nini, lenta?

Na huko kumiliki mnakokusifia kukoje? Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Una hati ya miaka kadhaa yenye masharti, unalipa pango la ardhi kila mwaka, na kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021.

Fundi, Mikindani

Mwalimu ameonea lenta bure. Langu fupi: boma likiachwa bila lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, masika mawili, kozi za juu mtarudia. Na acheni kufyatua tofali kwa mchanga wa ufukweni kisa ni wa bure. Ile chumvi inazimung'unya.

Dada wa Mtanda, Lindi

Nimesoma wote, kijana wenu ni wa kiume tu. Mabinti hawadundulizi? Mwenye kibubu na kikoba kila mtaa ni nani?

Tena mnapita pembeni ya jambo zito. Sisi Wamwera, na jirani zetu Wamakonde na Wayao, kwa mila za zamani mwanamume ndiye anayehamia ukweni, na watoto ni wa ukoo wa mama. Sasa vijana wanajenga kwenye eneo la mama wa mke bila maandishi, ndoa ikivunjika anatoka na begi. Upande mwingine mke anatoa hela ya kikoba inunue saruji, hati inatoka kwa jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wangapi wanaijua kabla dalali hajaja na wateja? Kabla ya tofali la kwanza, semeni jina la nani linaandikwa.

Dereva bodaboda, Chikongola

Wakubwa shikamooni. Nina miaka 21, nina laki tisa taslimu. Pikipiki ni ya mkataba, nimebakiza miezi mitano iwe yangu. Nikamate kiwanja sasa hivi?

Mtoa hoja, Mtwara Mjini

Dada wa Mtanda, hoja yako imenizidi. Majina yote mawili kwenye hati, na kama ni eneo la ukweni, liandikwe na wenye eneo watie saini.

Mkulima, nakubali kwa mwenye ardhi ya ukoo. Wa Chikongola ataipanda wapi mikorosho?

Mwalimu, hapo tunaachana. Vipande vyako ni akiba nzuri, ila siku mshahara ukikoma na wewe umeshachoka, kodi ya chumba haitastaafu. Na hati ya miaka 99 yenye pango la mwaka siwezi kuilinganisha na mwenye nyumba anayeweza kukuambia uhame mwezi ujao.

Marahaba mdogo wangu wa bodaboda. Usinunue sasa. Ukitoa laki tisa yote na pikipiki ikalala gereji wiki mbili, utakosa hesabu ya bosi, na mkataba ukivunjika umepoteza ulicholipa mwaka mzima. Iache hiyo hela iulinde mkataba. Miezi mitano ikiisha, hesabu unayompelekea bosi kila jioni endelea kuitenga vilevile, uiongeze kwenye laki tisa. Kabla hujamsikiliza dalali yeyote, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize viwanja vilivyopimwa viko wapi na vinalipwa kwa awamu ngapi.