STUN, TURN au WireGuard: simu za tawi zipite wapi?

Kitasa_7
Wakuu, naomba ushauri, natakiwa kuamua wiki hii. Asterisk (seva yetu ya simu za mtandaoni) ipo ofisini Dar, tawi lipo Morogoro. Tawi wakipiga tunawasikia, wao hawatusikii, kisha inakatika. Sisi tukiwapigia haiiti kabisa. Nichukue ipi: STUN (simu inauliza anwani na poti yake ya nje), TURN (seva ya kati ya kupitishia sauti) au WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya ofisi mbili)?

Mzizi
Mkuu, ya muhimu umeyaacha. Inakatika sekunde ya ngapi? Tawi wana fiba au laini? Ruta yao inasoma IP gani upande wa WAN (wa intaneti)?

Kitasa_7
Sekunde ya 32 kila mara. Ruta ya 4G, WAN ni 100.72 na kitu. Simu 5.

Mzizi
Hiyo 32 inajieleza. Seva imejibu 200 OK (simu imepokelewa) na inangoja ACK (uthibitisho wa tawi), ila kwenye Contact (anwani ya kurudishia ujumbe) imejitaja kwa 192.168, anwani ya ndani ya ofisi, basi ACK inapotelea huko. Kwenye transport (sehemu ya mipangilio ya Asterisk) weka external_signaling_address (anwani yenu ya umma) na local_net (mitandao yenu ya ndani). Kwenye endpoint (mipangilio ya kila simu): rewrite_contact=yes, rtp_symmetric=yes (zote mbili huja zikiwa no), direct_media=no. Kwenye aor (mahali simu inaposajiliwa), qualify_frequency=25 ili NAT (ruta inayobadili anwani za ndani kuwa za nje) isisahau simu. Usinunue kitu kwanza.

Ngalawa
STUN sahau. 100.64 hadi 100.127 ni NAT ya mtoa huduma. Mara nyingi poti hubadilika kwa kila anwani unayoiendea, kwa hiyo poti uliyotajiwa na STUN siyo itakayoonekana kwa seva. TURN nayo ya nini, seva ina anwani ya umma tayari. WireGuard: Dar isikilize UDP 51820, tawi ndilo lianzishe, PersistentKeepalive 25 (ipige hodi kila sekunde 25). Poti 5060 ya SIP (ujumbe wa kupanga simu) ifunge kwa nje, wezi wa dakika hawalali.

Bi_Waya
Ngalawa, umempa nusu. Kuna ofisi iliyofuata hayo hayo, kumbe pande zote mbili ni 192.168.1.0/24, pakiti hazivuki. Tawi likahamishiwa 192.168.20.0/24, simu zikasajiliwa, sauti kimya. Mtandao mpya haukuwemo kwenye local_net, kwa hiyo seva ikawa inaitajia tawi anwani ya umma, RTP (pakiti za sauti) ikatoka nje ya WireGuard na kugonga poti 10000–20000 zilizokwishafungwa. Siku mbili kwa mstari mmoja! SIP ALG (ruta kujibadilishia ujumbe wa SIP) pia izimwe. Kwenye ruta ya MikroTik: /ip firewall service-port disable sip

Pweza
Na bando je? Sauti ya G.711 (isiyobanwa sana) ni 80 kb/s kila upande, ndani ya WireGuard kama 107. G.729 (iliyobanwa zaidi) inatoka 24 hadi 50, maradufu.

Ngalawa
Pakiti iwe ya milisekunde 40, G.729 inashuka hadi 28.

Pweza
Ikipotea moja imeondoka na silabi. Kwa 4G ya jioni?

Kitasa_7
Nimeweka ya Mzizi, nikafanya reload (isome mipangilio upya bila kuzimwa). Sasa tawi linaita na wanasikia. Wakipiga wao, 32 iko palepale.

Mzizi
Ile external_signaling_address ni ya transport, na kutegemea toleo lako la Asterisk, huenda transport haikusomwa upya kwa reload. Zima Asterisk uwashe, ila ngoja watu wakate simu kwanza.