Kundi la Ukoo, Uyole: kisu cha Tumpe

Tumpe: Shikamooni wote. Barua imekuja, naripoti Septemba. Ujerumani, shamba la mboga na ng'ombe, mwaka mzima wa kujitolea. Kwenye orodha yao wameandika niwe na kisu cha mfukoni. Kuna kimoja nimekiona Mwanjelwa, kina plaizi, msumeno, bisibisi, jumla vitu 15. Nichukue?

Mjomba Lusajo: Marahaba mwanangu. Acha kuhesabu vitu kwanza. Kisu chake kinafunguka kwa kidole gumba cha mkono mmoja? Na kikishafunguka kina loki, hakirudi mpaka ubonyeze?

Tumpe: Yote mawili ndiyo

Mjomba Lusajo: Basi hicho kiache. Sheria ya silaha ya Ujerumani, kifungu cha 42a, inakataza kutembea hadharani na kisu cha mkono mmoja chenye loki bila sababu ya msingi. Ukiwa shambani unakata kamba, sababu ipo. Jumamosi uko mjini kununua viatu, haipo. Ni faini, na kisu wanaweza kukichukua.

Shangazi Atu: Kisu tu sheria yote hiyo? Huku mtu anapanda daladala na panga

Kaka Ambakisye: Shangazi kule panga ndo usiseme kabisa 😂 Na tangu mwisho wa Oktoba 2024 wamekaza zaidi. Kwenye treni za masafa marefu na kwenye sherehe za hadharani visu vimepigwa marufuku, hata kile kidogo kisicho na loki. Ukisafiri nacho kiwe ndani ya kiboksi kilichofungwa, chini kabisa ya begi, si mfukoni wala mfuko wa pembeni. Kwenye sherehe kiache chumbani.

Tumpe: Sasa ninunue kipi

Mjomba Lusajo: Victorinox, kile kisu cha Uswisi, ya milimita 91 ikiwa imekunjwa, aina ya Huntsman. Haina loki, na unaifungua kwa mikono miwili kwa ukucha. Gramu 97 hivi. Ina kisu kikubwa na kidogo, mkasi, msumeno wa mbao, kifungua kopo na chupa vyenye ncha ya bisibisi, na sindano ya kutobolea.

Kaka Ambakisye: Mjomba, na plaizi? Leatherman Wave, ile ya kukunja yenye visu, ina plaizi nzuri

Mjomba Lusajo: Nzuri, sibishi. Ila ina gramu 241, na visu vyake vya nje ni vya mkono mmoja na vina loki, tumerudi palepale. Plaizi shamba halikosi, tena kubwa kuliko hiyo. Mkasi ndio atautumia kutwa: kamba za nyanya, mifuko ya mbegu, plasta ya kidole. Msumeno ule unakata tawi la unene wa kidole gumba, zaidi ya hapo unajitesa.

Kaka Ambakisye: Tumpe, kisu kisicho na loki usichome nacho. Ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu kinajikunja na kukurudi vidoleni. Kata kwa kuvuta. Na usibanduie kifuniko cha rangi, ncha inakatika. Tumia bisibisi ya kifungua chupa.

Tumpe: Feki nitaijuaje?

Mjomba Lusajo: Kunjua kisu kikubwa, angalia shina lake karibu na pini: jina linachapwa kwenye chuma, si stika. Kifunge: kikifika mwisho kivutwe na springi kwa mlio mkavu, tak. Kikilegea, weka chini. Kitikise kushoto kulia, kisicheze. Halafu kiinue juani utazame kwa ubavu: mwanga ukipita kati ya mabamba, hapo ndipo uchafu utakaa. Mkasi ukate karatasi laini ya chooni. Ukiitafuna badala ya kukata, achana nao.

Shangazi Atu: Na kunoa? Huko atapata jiwe?

Mjomba Lusajo: Abebe vipande viwili vya msasa wa maji namba 1000, ule wa wapiga rangi magari. Aulaze juu ya kioo, aulowanishe, ainue mgongo wa kisu milimita 4 tu, asukume mara 10 kila upande bila kukandamiza. Akimaliza, apitishe kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ile duara isiyong'aa. Akiinua sana makali yanakuwa butu kama ya shoka.

Kaka Ambakisye: Utomvu wa nyanya na udongo vikikwama, maji ya moto na sabuni, fungua funga humo humo majini, kausha, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Ya kupikia hapana, yanaganda mpaka kisu hakifunguki.

Tumpe: Na kwenye ndege?

Kaka Ambakisye: Begi kubwa la kukabidhi, toka uwanja wa Songwe. Kama tiketi ya Dar ni tofauti, utalichukua begi pale na kulikabidhi tena. Wengi ndipo wanapotoa kitu wanakitia mkobani, halafu kinabaki kwa wakaguzi. Na usikining'inize kwenye funguo, utakisahau mfukoni.

Tumpe: Ndaga fijo 🙏 Cha Mwanjelwa nakiacha.

Shangazi Atu: Usikiache, niletee mimi. Waya wa banda la kuku umekatika

Mjomba Lusajo: Tumpe, kabla hujalipa, funga hizo plaizi uzitazame juani. Ncha zisipokutana, waya zitaishia kuutafuna tu.